Ishirini ya Januari, Ishirini ya Juni

9 Desemba

Hapa ni digrii ishirini na saba.

Shikamoo Dada. Najua umeshacheka. Baba, Mungu amrehemu, angefurahi kuona nimetanguliza digrii kabla ya salamu, kama alivyotuzoesha. Unakumbuka ulivyomwandikia kutoka kwa Shangazi, kurasa tatu nzima, naye akakurudishia barua yako kwa sababu hukutaja joto la huko? Msoma vipimo wa kituo cha hali ya hewa hakuwa na mzaha na jambo hilo. Alisema habari za mtu huanzia kwenye hewa anayoivuta.

Nimefika salama na kazi nimeanza. Ni ghala la vyakula vya kugandishwa, tunapanga maboksi ya nyama na njegere mpaka darini. Msimamizi wetu ana masharubu yanayomtangulia kila anakokwenda, kwa hiyo kimoyomoyo namwita Sharubu. Nje ya lango wametundika kipimajoto kikubwa kama sahani, na hicho ndicho nilichokisomea. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, kina kitanda, meza na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani.

Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie nakula vizuri. Kuna jambo kuhusu hizo digrii nilitaka kulieleza, lakini karatasi imeniishia na posta wanafunga.

Mdogo wako,
Kijiti


2 Januari

Nyumbani ni digrii thelathini na moja. Kasoma Mama mwenyewe, saa tatu asubuhi, miwani ikiwa puani.

Marahaba Kijiti. Sisi wazima. Kazi kwenye udobi ni nyingi, harusi zimefuatana, na meza yangu ya pasi imejaa mashati mpaka siwaoni wateja. Paa la jikoni limezibwa. Shangazi anakusalimu, analalamika magoti.

Sasa nikupe kichekesho. Tangu uondoke Mama alikuwa hapati usingizi. Ameshika kwamba umekwenda nchi ya baridi, na alikwisha nunua uzi mweusi wa sufu, mzito kama blanketi, akaanza kukufumia sweta. Barua yako ilipofika nikamsomea: digrii ishirini na saba. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikamwambia, Mama, hiyo si baridi, hiyo ni hewa ya kuanikia nguo, ukimpelekea hilo sweta mwanao ataiva kama kiazi. Akachukua daftari la Baba la vipimo, akaandika namba yako. Kisha akacheka, akaingia chumbani, akalala mchana kutwa. Nilifurahi kweli, kwa sababu kwa muda mrefu sikuwa nimemwona akilala.

Ule uzi mweusi nimeuchukua mikononi mwake nikaupeleka kwenye masweta ya shule tuliyoagizwa. Usinune, hauna kazi na wewe.

Mimi mwenyewe digrii hazinihusu. Nalowesha kidole, nagusa pasi, nasikiliza. Pasi ya hariri inanong'ona, ya pamba inapiga kelele, basi. Baba alikuwa akikasirika sana nikisema hivyo.

Ulitaka kueleza nini kuhusu digrii? Andika tena.

Dada yako


25 Januari

Hapa ni digrii ishirini.

Shikamoo Dada. Barua yako imenichekesha mbele ya watu. Kumbe Mama amelala! Mwache alale. Lile jambo la digrii halikuwa la maana, nimelisahau mwenyewe.

Sweta asihangaike nalo. Chumba ni kizuri na dirisha linafunga. Kazi inakwenda. Sharubu alinipigia makofi juzi kwa sababu niliona boksi la samaki limewekwa kwenye rafu ya maharage. Hapa kuona tofauti ya maboksi yaliyofunikwa na barafu ni elimu kubwa.

Samahani kwa mwandiko. Kalamu ilikuwa imegoma, ikabidi niipashe moto mikononi kwanza ndipo wino utoke.

Shangazi namwombea magoti yake. Mama shikamoo.

Kijiti


19 Februari

Nyumbani ni thelathini na mbili.

Marahaba. Tunaendelea. Mwenye udobi ameleta pasi mpya ya umeme yenye kitufe cha kuzungusha, kimeandikwa moja, mbili, tatu. Nimeunguza kola mbili za watu nikifuata zile namba, sasa nimerudi kwenye kidole changu.

Mama anakupa ushauri ambao mimi siuelewi, nauandika kama alivyousema. Anasema utandike magazeti chini ya godoro, tabaka nene, na mengine uyasokote uyazibe kwenye nyufa za dirisha. Anasema Baba alikuwa akifanya hivyo alipokuwa kijana kwenye kituo cha milimani. Nimemwambia mtoto yuko kwenye digrii ishirini, magazeti ya nini? Akasema andika tu. Basi nimeandika.

Mambo yake siku hizi yamekuwa ya ajabu. Jana nimemkuta barazani anafumua sweta la Baba, lile la kijivu la kazini. Nimeshtuka, nikamuuliza kulikoni. Akasema wadudu wameanza kulila, heri auokoe uzi. Mimi sikuona tundu hata moja, lakini wewe unamjua Mama, ukimbishia anakuuliza nani alimzaa mwenzake.

Amepungua kidogo, nadhani ni joto. Usiwe na wasiwasi.

Mbona barua zako zinachelewa hivyo?

Dada yako


30 Machi

Hapa ni digrii ishirini na mbili.

Shikamoo Dada. Nisamehe kwa kimya. Posta ya huku ina mambo yake. Na mwandiko huu mbaya ni wa haraka tu, usiuchunguze.

Magazeti nimetandika, kwa kumfurahisha Mama. Mwambie nimeziba na nyufa. Kitanda kinapiga kelele kama mtu anayefungua mzigo kila nikijigeuza.

Sina habari nyingine. Nimepungua kidogo na mimi, lakini mtu anayeitwa Kijiti atapungua kutoka wapi? Unaposema Mama amepungua, amepungua kiasi gani?

Kijiti


26 Aprili

Kijiti mdogo wangu, marahaba. Barua yako imefika jana. Sisi tupo.

Nimemsomea Mama digrii zako akiwa kitandani. Ni miguu tu imechoka, siku hizi anapenda kulala kidogo baada ya chai. Nimemtania kwamba huko kwa mwanae hakuna majira: Desemba ishirini na saba, Januari ishirini, Machi ishirini na mbili, nchi imetulia kama maji ya mtungini. Amecheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akasema nikuandikie usiache kutaja digrii, hata ukiwa na haraka namna gani. Usipoandika kitu kingine, andika hizo.

Umeuliza amepungua kiasi gani. Kidogo. Mengine tutazungumza ukija.

Kazini ni yale yale. Shangazi amehamia hapa kwetu kwa muda, anasaidia kupika.

Dada yako


12 Juni

Hapa ni digrii ishirini.

Shikamoo Dada. Mwambie Mama hii ishirini nimeisikia mwilini. Leo nimekwenda kazini na shati la mikono mifupi, nikapita njia ndefu makusudi. Watu wametoa viti nje, watoto wanalamba barafu, na yule Sharubu ameonekana akitabasamu, jambo ambalo wenzangu wanasema hutokea mara moja kwa mwaka. Kwa mara ya kwanza nimeipenda hii nchi kwa muda wa kama saa nzima.

Dada, barua yako iliyopita haikuwa na digrii. Nimeitazama mbele na nyuma. Kipimo anakisoma Mama siku zote, saa tatu, hata alipofiwa na Baba alikisoma. Na Shangazi ambaye magoti yanamsumbua hawezi kuhama kwake kuja kupika tu. Niambie kinachoendelea. Nimeomba likizo, Sharubu amesema nitaipata Desemba mwaka wa kwanza ukiisha. Niambie kama Desemba ni mbali.

Kijiti


10 Julai

Kijiti,

Digrii sijasoma. Kaa chini kwanza.

Mama ametutoka. Ilikuwa tarehe ishirini na nane Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Tumemzika kesho yake kando ya Baba. Nilipiga simu ghalani kwenu. Mtu alisema maneno nisiyoyajua, nikasikia milango inafungwa na mashine zinanguruma, nikangoja mpaka ikakatika. Ndiyo sababu unaipata habari hii kwenye karatasi, peke yako, bila mtu wa kukushika. Nisamehe mdogo wangu.

Ulikuwa uvimbe tumboni. Daktari alituambia mwezi wa pili kwamba hakuna la kufanya. Tulipotoka pale Mama alinikataza kukuandikia. Alisema ukijua utaacha kila kitu na kurudi, na utamkuta anakufa vile vile. Nikatii. Kila barua niliyokuandikia baada ya hapo niliiandika nimeuma ulimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha ya mwenzangu, na kifo kimeniumbua mimi.

Sasa nikuambie lililonifanya nisipate nguvu ya kuandika mpaka leo.

Barua yako ya Juni ilifika siku tatu kabla. Nilipomsomea digrii, aliomba daftari la Baba na kalamu ya risasi, nikamwegemeza kwenye mito, akaandika mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu. Kisha akalifunga na kunirudishia, na uso wake uling'aa kwa furaha. Wiki iliyopita, tukipanga vitu vyake, nimelifungua. Kuna safu mbili, yetu na yako. Kando ya kila namba yako ameandika namba nyingine ndogo. Kando ya ishirini na saba: chini ya sifuri, tatu. Kando ya ishirini ya Januari: chini ya sifuri, saba.

Sikuelewa. Nikafungua jalada la ndani, nikakuta mwandiko wa Baba: "Farenhaiti kwenda selsiasi: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9." Ndipo nikakumbuka kile kipimajoto cha kizamani cha kituoni ambacho hakikuwa na vipimo vyetu. Baba alikuwa akirudi na namba zake kwenye karatasi anapiga hesabu mezani, na Mama amekaa mbele yake anafuma. Miaka kumi na mbili alikaa pale. Mimi nilikuwa sijali. Kwangu digrii ni digrii, kama kilo ni kilo.

Alijua, Kijiti. Alijua tangu barua ya kwanza. Ile siku niliyodhani amelala mchana kutwa kwa furaha, sasa najua hakulala.

Kando ya ishirini na mbili ya Machi ameandika: "Hii ameitunga." Na kando ya ishirini ya Juni, kwa ule mkono wa mwisho: "Hii ya kweli. Amepata jua."

Mwezi wa nne nilimuuliza kwa nini kila nikimsomea digrii zako anacheka kidogo namna ile. Alinijibu kitu ambacho nilikiona ni maneno ya mgonjwa. Alisema:

"Mtoto akikuficha jambo ili ulale, basi lala."

Chini ya kitanda chake tumekuta sweta. Ni ule uzi wa kijivu wa sweta la Baba, amelifuma upya, uzi mara mbili, kola ya kukunja mpaka masikioni. Limekamilika, hata ncha za uzi amezificha. Nadhani alikaa nalo tangu Aprili bila kulituma, maana kulituma ni kukuambia kwamba anajua. Na alifumua sweta la marehemu kwa sababu uzi mweusi aliokununulia nilimnyang'anya mimi, kwa mikono hii, huku nikicheka. Hilo litanikaa rohoni mpaka siku na mimi nikizikwa.

Nimelipiga pasi polepole, kwa moto wa sufu, kitambaa chenye unyevu juu yake. Nalituma pamoja na barua hii. Sasa hakuna wa kumficha tena. Nijibu ukweli. Ulikuwa unalalaje huko?

Dada yako


6 Agosti

Hapa ni digrii themanini na sita. Kwa kipimo cha nyumbani ni thelathini.

Shikamoo Dada. Nimeandika zote mbili, na nitaandika zote mbili siku zote.

Umeniuliza nilikuwa nalalaje. Nililala na nguo zote nilizo nazo, na juu yake koti la ghalani, na soksi mikononi. Kifaa cha kupashia chumba joto kilikuwa kibovu tangu siku niliyohamia. Mwanzoni mwa Machi nilishikwa na kichomi, nikalazwa siku kumi na moja. Niliporudi nikakuta barua yako yenye maneno ya magazeti. Nikayatandika, nikaziba nyufa, na kwa mara ya kwanza nikalala mpaka asubuhi. Nilidhani ni bahati tu kwamba Mama amekumbuka mambo ya zamani. Sikujiuliza kitu, Dada. Mtoto wa msoma vipimo, nikapewa dalili yote hiyo, nikageuka upande wa pili nikalala.

Barua ya kwanza sikukusudia. Niliandika namba iliyokuwa ukutani, nikasema nitaeleza chini ya ukurasa kwamba hawa wana vipimo vingine, na kwamba hiyo ishirini na saba maji yanaganda. Nafasi ikaisha. Kisha ukaniandikia kwamba Mama amelala. Ningesemaje tena baada ya hapo? Nikajiambia sidanganyi, naandika kile ninachokiona. Nilikuwa nangoja siku yenye namba nzuri ndipo niandike. Januari kulikuwa na wiki ambayo kile kipimo kilisoma tatu, na siku moja kikapita sifuri kwenda chini. Ningeandika tatu, hata wewe na kidole chako mngeshtuka. Nikangoja mpaka ikapanda ishirini. Zile barua zilizochelewa, ukiacha zile siku za hospitali, zilikuwa zinangoja hilo.

Machi hewa ikaanza kupata nafuu na mimi nikaingia matatani, maana namba zikapanda, arubaini na tano, hamsini, na kwenu hizo ni za kuchemka. Njia ya mwongo ni fupi. Nikatunga ishirini na mbili. Lakini siku ile ya Juni kipimo kilisoma sitini na nane, nikasimama langoni nikapiga hesabu ya Baba kichwani, ikatoka ishirini kamili. Nilikimbia kuiandika. Nilifurahi kwamba safari hii namwambia Mama kitu cha kweli kwa kipimo chake mwenyewe, ingawa nilijua hataona tofauti yoyote na ile ya Januari. Nimelisoma neno lake mara ngapi sijui. "Hii ya kweli." Aliona.

Uchungu nilio nao sina mahali pa kuuweka. Muda wote nilijiona namfunika mama yangu, kumbe mimi ndiye niliyefunikwa. Laiti ningeandika sifuri kama ilivyo, angepata ruhusa ya kunihangaikia waziwazi, angelituma sweta lake, tungegombana, ningerudi. Nimewanyima nyote hilo. Wewe usijilaumu kwa uzi mweusi. Namba niliandika mimi.

Sweta limefika juzi. Lina harufu ya pasi yako. Mikono yake inafika mpaka kwenye vifundo vya mikono yangu, na unajua hakuna nguo ya dukani iliyowahi kufika pale. Amepima kwa kichwa. Jana nimelivaa kazini. Barabarani watu wako na vifua wazi, wanajipepea kwa magazeti, wakanitazama nikipita na sufu mpaka masikioni. Sharubu akauliza kama naumwa. Nikamwambia nimefiwa. Akavua kofia yake, akasimama nayo mkononi, kisha akanifungulia lango yeye mwenyewe.

Desemba nakuja. Mpaka hapo nakuomba kitu kimoja. Kipimo kisomwe, Dada, saa tatu kila siku, ukisome wewe, na kidole chako kipumzike. Na hii ya kwangu ya leo uiandike kwenye daftari, safu yangu, chini ya ile ya Juni. Themanini na sita, ambayo ni thelathini. Kisha kando yake, kwa kalamu ya risasi, uandike kama ambavyo angeandika yeye: "Hii ya kweli. Amelivaa, na anatetemeka."

Kijiti